Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Salama alikuwa amesimama kwenye dirisha la dawa tangu saa moja asubuhi, chupa ya maji mkononi, akinywa na kiu haiishi. Kompyuta ya hospitali ilisema amekwisha kuchukua insulini yake ya wiki.

"Aliyechukua njo Salama Ramazani mwingine, wa mtaa wa Mikelenge," alisema. "Miye niko wa Alunguli. Wiki iliyopita mulinirudisha. Ile iliyobakia nilikuwa nagawa kidogo kidogo, na jana imeisha."

Ayoubu, fundi wa programu ya kompyuta ile, alikuwa ameketi kando ya printa. Alijua kosa liko wapi, ila hakujua kulitoa. Mistari yote ya programu iliandikwa na IA, akili bandia ya mtandaoni, naye akaipokea kama mtu anayepokea barua kwa lugha asiyoisoma. Sasa mtandao ulikuwa umekatika tangu juzi, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Kosa lenyewe lilikuwa la aibu. IA ilipendekeza kwamba watu wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa wafanywe mtu mmoja. Nani hapa Kindu asiyejua kwamba waliozaliwa wakati wa vita, karatasi zao zikaungua, karani aliwaandikia wote tarehe mosi Januari? Ayoubu mwenyewe yumo. Siku ile alisita, kisha akajiambia, mimi ni nani hata niibishie? Akabonyeza ndiyo. Majina arobaini na moja yakapotea, na Mkurugenzi Louis akamsifu mbele ya wote kwa kusafisha orodha. Hofu ilimwanzia siku hiyohiyo, akanyamaza nayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Louis alikuja kutazama foleni. Akasema bila karatasi ya mashine dawa haitoki, mgonjwa angojee mtandao.

"Mkurugenzi, kosa njo yangu," Ayoubu alisema. "Ile programu siijue. IA iliandika, miye nikasema njo yangu."

Louis akamsogelea. "Usiseme vile mbele ya watu. Wafadhili wanakuja Alhamisi."

Ayoubu akamtazama Salama, aliyekuwa ameegemea ukuta sasa, macho yamefumba nusu. Akainama, akatoa daftari la zamani la wagonjwa lililowekwa chini ya printa ili isitikisike. Akalitafuta jina la Salama wa Alunguli, akaandika kipimo chake kwenye kipande cha karatasi, akatia saini.

Kavugho, mtoa dawa, aliisoma karatasi, akamtazama Louis, akafungua friji.

"Kesho usikuje kazini," Louis alisema.

Ayoubu aliitikia, kisha akatoka na daftari hadi kibarazani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, maana sasa angejua nani bado yupo. Akaanza kuwaita wenye tarehe mosi Januari, mmoja mmoja. Wa kwanza akaitika. Wa pili akainua mkono kutoka getini.

"Victorine Okito."

Mama mmoja wa mbele ya foleni akajifunga kitenge upya kabla ya kujibu.

"Walimurudisha wiki iliyopita. Hatuyamuona tena."

Ayoubu akaliita jina lile tena, kwa sauti kubwa zaidi.