Msiba Uliochelewa

Mkewe Secilia alipozikwa, Anastazi hakulia. Siku ile ile mganga wa zahanati alimpa vidonge vya usingizi. "Vya wiki mbili tu, mzee, upumzike." Akapumzika kweli. Matanga yaliondolewa yeye kalala, na miaka kumi na mmoja ikapita bado anameza viwili kila siku. Aliyempa alishahama zamani, na waliomfuata walinakili tu kilichoandikwa. Wenye kalamu ndivyo walivyo: hakuna anayefuta kosa la mwenzake.

Kisha akaja nesi Nice. Mzee alikuwa ameanguka mgombani kwa kizunguzungu, kavunjika mkono.

"Babu, hivi unavimeza tangu lini?"

Akamwambia. Nice akashika kichwa. "Tutapunguza, lakini polepole. Ukiacha ghafla utaanguka kifafa."

Kila mwezi akamkatia kwa wembe: kimoja na robo tatu, kimoja na nusu, kimoja na robo. Walipofika kimoja, mzee akaanza kulia. Alilia akimenya ndizi, alilia kanisani. Sauti ya Secilia ilimrudia, ile ya kumsuta shambani: "We Anastazi, umeota mizizi?"

"Mama kazikwa mwaka gani, baba?" mwanawe Laurian alimuuliza. "Wenzako walishatawanyika, wewe ndiyo kwanza unafika msibani!"

"Ndiyo nafika. Niache nikae."

Hicho tu ndicho alichotaka: amlilie mkewe akiwa macho, amalize, kisha hata kufa afe.

Mwezi wa tano Nice akahamishwa. Nani aliulizwa? Kijana aliyekalia kiti chake hakuinua hata uso.

"Shikamoo mzee. Vidonge hivyo havijaletwa."

"Marahaba. Sasa mimi nifanyeje? Nice alisema nisiache..."

"Nice hayupo. Kidonge kimoja kitu gani? Acha tu, umeshapona. Anayefuata!"

Akaacha. Siku ya pili mikono ilitetemeka, kikombe kikamshinda. Siku ya tatu aliwaona siafu ukutani, na siafu hawakuwapo. Alasiri akaanguka uani, meno yameumana, povu linamtoka. Laurian alipoona baba yake ametulia, alidandia pikipiki kwenda duka la dawa huko Murusagamba, kwa barabara ile ya mashimo, akarudi na pakiti nzima. Mzee alikuwa amezinduka. Laurian akamwekea viwili ulimini.

"Meza, baba. Nakuomba. Nilidhani umekufa."

Anastazi alijua anapewa nini. Alitaka kutema. Mwili haukumsubiri, ukameza.

Jumapili waumini walimpa mkono mlangoni. "Mzee kapoa! Mungu mkubwa."

Kapoa kweli. Akitajiwa Secilia anaitikia kama katajiwa jirani aliyehamia Biharamulo. Macho makavu. Na kila jioni Laurian humwekea viwili kiganjani, akachuchumaa mbele yake, akasubiri mpaka vishuke.