Kufuturu kwa Mama Basili

Mwaka ule sukari ilikuwa haipatikani Katesh wala Mbulu, nyama ilionekana siku za harusi, na sabuni watu waligawana vipande. Kwa hiyo Padri aliposema siku ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, kwamba kila mtu ajinyime kitu anachokipenda, nusu ya kanisa walitazamana. Wajinyime nini tena?

Letisia, mjane wa Xavery, ambaye wote walimwita Mama Basili kwa jina la mwanawe wa kwanza, alipiga magoti akajichunguza. Akakiona kitu chake, na moyo ukamshuka. Alichokipenda kuliko vyote mwaka ule ilikuwa hadithi.

Alikuwa akiuza uji na viazi vitamu langoni kwa karakana ya shamba la ngano, bondeni chini ya Gitting. Saa ya mapumziko mafundi walikaa juu ya matairi mabovu, na Mwantumu, karani wa stoo, binti wa wafanyabiashara wa Katesh, alitoa kitabu cha Kiingereza alichoachiwa na Mkanada mmoja aliporudi kwao. Alisoma ukurasa kimoyomoyo, kisha akawamwagia kwa Kiswahili.

Kilikuwa kitabu cha nchi za kaskazini kabisa, ambako ardhi ni nyeupe miezi mingi na mtu hutembea wiki nzima bila kukutana na mwenzake. Jina la mwenye safari lilikuwa gumu, wakamwita Andrea. Andrea alikuwa amemfunika jirani yake mgonjwa kwa ngozi juu ya kigari kisicho na magurudumu, kinachovutwa na mbwa, akimpeleka kwa daktari. Mbwa wa mbele alikuwa na jicho moja. Naye wakampa jina: Chongo.

"Mbwa wavute mtu?" Tadeo, fundi wa kuchomelea vyuma, alipiga kelele siku ya kwanza. "Wangu akiitwa kula, anasubiri chakula kimfuate!"

"Nyamaza, Tadeo," Mama Basili alisema. "Endelea, mwanangu. Hiyo theluji ikoje?"

"Kama mvua ya mawe, mama, ila laini. Inaanguka kimya, kama unga unaochekechwa."

Mama Basili aliielewa. Kutoka pale langoni mashamba yaliyolimwa yalienea mpaka macho yanachoka, hakuna mti, hakuna boma. Alijua jinsi mtu anavyokuwa mdogo mahali kama pale.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuwaambia. Xavery aliugua wakati wa masika. Walimpakia kwenye tela la trekta wampeleke hospitali ya Haydom, udongo mweusi ukaikamata trekta njiani, na kabla haijanasuliwa alikuwa amekata roho. Tangu hapo, kila Mama Basili alipoona mgonjwa amebebwa, alijiuliza jambo moja tu: watafika? Sasa alikuwa akiwaombea hata watu wa kitabuni. Na siku moja kabla ya Majivu, Andrea alikuwa katikati ya ziwa lililoganda, barafu ikaanza kulia chini ya miguu yake, kengele ya kazi ikagongwa.

Kesho yake akajinyima.

Haikuwa kazi ndogo. Mwantumu akifungua kitabu, Mama Basili alibeba masufuria yake akaenda kuyasugua kwa mchanga kule nyuma, kwa kelele za makusudi. Tadeo akamfuata na habari.

"Pole, Mama Basili. Andrea kaliwa na mbwa mwitu."

Siku nyingine: "Kaoa, mama! Binti wa daktari."

Siku nyingine tena: "Chongo kaacha kazi, sasa analima."

"Shetani alimjaribu Bwana mara tatu akachoka," Mama Basili alimjibu. "Wewe huchoki?"

Mafundi wakacheka, naye akacheka. Lakini akirudi nyumbani jioni, lile ziwa lilikwenda naye.

Kwaresima ilikuwa imefika katikati Mwantumu alipomfuata kwenye masufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umependeza hivyo?"

"Naolewa. Singida. Jumapili hii naondoka na lori la shamba."

Mama Basili alimshika mikono yote miwili, akamwombea baraka, akauliza kama kijana ana adabu. Kisha akaiachia mikono. "Na kitabu?"

"Wenzako nimewamalizia leo. Nikusomee wewe sasa hivi, mama, tuko wawili tu."

"Nimemwahidi Mungu mpaka Pasaka."

"Pasaka mimi sipo."

"Najua, mwanangu."

Mwantumu alichuchumaa, akaokota sufuria moja akaanza kuisugua naye. "Samahani, mama, nauliza tu. Sisi tukifunga, jua likizama tunafuturu. Ninyi mnafunga moja kwa moja? Hamfuturu?"

"Nitauliza," Mama Basili alisema.

Jioni hiyo alimkuta katekista Nikolausi akifagia kanisa. "Kuna mtu," alianza, "alijinyima kitu. Sasa anauliza kama Jumapili..."

"Huyo mtu anakunywa pombe?"

"Toba! Anasikiliza... anasikiliza hadithi."

Nikolausi akaegemea ufagio. "Jumapili ni siku ya Ufufuko, mama, hata ndani ya Kwaresima. Hatufungi. Asikilize."

"Si ujanja? Nisije nikamchezea Mungu."

Ile "nisije" ilishatoka, hairudi. Katekista alijizuia asicheke. "Mjanja angesikiliza kimya kimya, asingekuja kuniuliza. Nenda kwa amani."

Jumapili, Misa ilipokwisha, hakusimama kusalimiana na mtu. Alimkuta Mwantumu kule langoni kwa karakana, amekaa juu ya sanduku lake la bati, dereva anajaza maji kwenye rejeta ya lori.

"Nimekuja kufuturu," Mama Basili alisema.

 Mwantumu akafungua kitabu palepale penye barafu. Andrea alitaka kunyoosha njia moja kwa moja, Chongo akakataa. Andrea akamchapa, Chongo akalala chini. Mwishowe mtu akamwachia mbwa njia, na mbwa akawazungusha mpaka ng'ambo. Barafu ikapasuka nyuma yao.

"Eee Mama Maria," Mama Basili alinong'ona. "Halafu?"

Honi ikapigwa. "Tunaondoka!" dereva alisema. Mwantumu akapandishwa juu na sanduku lake, akasimama kati ya magunia, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine unapekua kurasa. Lori likasogea.

"Wameona taa, mama!"

"Taa ya wapi?" Mama Basili alikuwa anatembea haraka.

"Ya kwa daktari! Mbwa wameishiwa nguvu, Andrea anavuta mwenyewe!"

Gia ikabadilishwa, vumbi likainuka. Mama Basili akakunja kitenge chake cha kanisani akakimbia, mbele za watu waliokuwa wanarudi makwao, wengine wa jumuiya yake mwenyewe.

"Wamefika?"

Mwantumu alikuwa ameinamia kitabu, ushungi unapepea. Halafu akakiinua juu.

"Wamefika! Mgonjwa ameomba maji! Wote wamefika, na Chongo!"

Mama Basili alisimama katikati ya barabara, machozi na vumbi usoni. Alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka ni Kwaresima. Kisha akakumbuka ni Jumapili.

Akapiga.