Sinema Isiyo na Bunduki

Katika shule ile ya bweni chini ya milima ya Uluguru, kupendekeza sinema ya Jumamosi lilikuwa jambo zito kama kuposa. Mwenye zamu alisimama mbele ya bwalo zima akainadi sinema yake. Wakitoka watu kumi kabla haijaisha, bweni lake halichagui tena mwaka mzima.

Zamu hii ilimwangukia Nasra wa kidato cha tatu, yuleyule aliyewahi kuwapima vichwa kwa rula kidato cha kwanza, eti wapate mito ya saizi zao.

"Ndugu wafiwa," alianza kwa sauti ya msiba, "nawaletea sinema ya nchi ya mbali yenye barafu. Msichana wa mji mdogo anataka kuendesha basi la mji wao."

"Wanauana lini?" aliuliza Shukuru, kiranja wa burudani.

"Hawauani."

"Hata ngumi moja?"

"Bibi yake anampiga mtu mwiko."

Bwalo likazomea. Nasra akacheka nao. Sinema hiyo aliiona likizo, kijijini kwao Mlali, kwenye simu ya kaka yake, akairudia mara tatu. Alitamani mno mtu mwingine aipende.

Dakika ya tatu tangu sinema ianze, aibu ikashuka. Kwenye simu aliiona ile yenye sauti ya DJ, anayeeleza kila kitu kwa Kiswahili. Kwenye flashi, kwa kukosea, alinakili ile ya asili. Wazungu wakabwabwaja lugha yao, na maandishi ya Kiingereza chini yakawa msafara wa sisimizi kwa waliokaa nyuma.

Watu wakaanza kutoka. Shukuru alisimama mlangoni akihesabu kwa vidole. "Saba, dada. Bado watatu!"

Nasra akainyakua maiki ya matangazo.

"Mabibi na mabwana, huyu ni Chausiku, wa Mlali ya kwenye barafu. Wale wazee wanne pale benchi ni kijiwe. Kazi yao ni kujua mambo yako kabla yako."

Kicheko cha kwanza. Bibi alipotokea, Nasra akamvika lafudhi ya Kiluguru: "Wanasema basi ni la wanaume, mjukuu wangu? Kwani usukani una ndevu?"

Bwalo likaangua kicheko. Wale saba wakachungulia dirishani, kisha wakarudi kimyakimya.

Chausiku akafeli mtihani wa udereva, akafeli tena. Hapo Nasra akaacha utani. "Kesho mji mzima utajua," alisema taratibu. "Kwetu wangejua leo hii."

Jaribio la tatu lilikuwa mteremkoni, juu ya barafu tupu. Matroni Yuliana akasimama. "Breki polepole, mwanangu!" Kila kona ilipofika, bwalo zima likaegemea upande mmoja.

Kengele ya chakula ikalia. Jumamosi ni siku ya wali na nyama, na hakuna aliyenyanyuka. Mpishi akaja mlangoni na upawa mkononi.

"Leo hamli?"

"Shikamoo, mama," Shukuru alimjibu bila kugeuka. "Subiri kwanza, anapaki."

Basi likatulia shubiri moja kutoka ukuta wa duka la bibi yake Chausiku. Meza zikapigwa hadi vikombe vikaruka. Majina ya waliotengeneza sinema yakaanza kupanda, na Nasra, jasho likimtiririka, akayasoma moja moja, mpaka la fundi cherehani, maana hakuna aliyekuwa tayari kuondoka.