Kahawa Niliyoikataa

Mimi nina kichwa kigumu, na nilikirithi kwa baba yangu, Kahangwa wa Izigo. Miaka sita iliyopita, nilipoacha Misa nikahamia kwa walokole mjini Bukoba, aliniambia mbele ya ukoo mzima, "Nikifa, usinitupie udongo." Kwetu neno la baba la namna hiyo halifi kwa kusahauliwa. Hulifuta aliyelisema mwenyewe, mbele ya watu.

Mjini nikawa mwalimu wa semina. Niliwafundisha vijana kuelewa mitazamo ya watu kuhusu dunia: ukikutana na mtu usikimbilie kumhukumu, muulize kwanza, kwake yeye dunia imeharibikia wapi, na nani ataiponya? Nilifundisha vizuri, nasema bila haya.

Mwezi wa nne shangazi Benigna, dada yake baba, akanipigia simu. "Baba yako anakuita. Hana siku nyingi."

Nilimkuta kitandani, amekonda, ndugu wameketi mkekani. Akachukua punje moja ya kahawa kavu, akaipasua kwa meno, nusu akaibakiza mdomoni, nusu akaninyooshea.

"Tafuna, mwanangu."

Nilijua kwamba wazee walitafuna kahawa hivyo kufanya undugu wa damu. Nikaona tambiko tu.

"Tata, nisamehe. Mimi nimeokoka, siwezi kula hiyo. Nitakuombea."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha, akageukia ukutani. Nikaomba kwa sauti kubwa. Hakuna aliyeitikia amina.

Alifariki siku ya tatu. Tulimzika kibanjani, kati ya migomba yake. Nilipoinama kuchota udongo, shangazi alinishika mkono.

"Weka chini."

"Shangazi, mimi ndiye mwanawe wa kwanza!"

"Alikuita alifute lile neno. Kahawa ile ndiyo ilikuwa kulifuta. Ulidhani anakupeleka kwa mizimu? Asubuhi ile padri alikuwa amempa Komunyo. Akaniambia, 'Nimempokeaje Bwana, halafu nimnyime mwanangu mkono?'"

"Mbona hamkuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Nikarudi nyuma, nimeumia hata machozi yakagoma. Kwa baba, dunia iliharibikia kwenye neno baya kati ya mtu na mwanawe, na dawa yake ni mkubwa kutangulia kunyoosha mkono. Ndiyo Injili ninayoihubiri kila Jumapili. Nimeikataa kwa sababu ilikuja kwa mkono wa mzee wa Kihaya.

Kija, Msukuma aliyekuwa akituletea samaki kutoka visiwani, alitupa udongo huku akilia. Majirani wakatupa, hata watoto wao.

Kisha likapitishwa beseni la maji, watu wanawe mikono. Lilipofika kwangu nikampa aliyefuata. Mikono yangu ilikuwa safi.