Wiki Moja Pézenas

Swali la kwanza aliloulizwa Odile Cabrol na yule mwanamke wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, halikuwa la bei ya chumba wala la chai ya asubuhi. Mwanamke aliuliza kama mlango wa chumba unafungika kwa ndani.

Odile alikuwa jikoni, simu kaibana kwa bega, mikono imejaa unga na mafuta ya kondoo, maana siku hiyo alikuwa akioka vile vimkate vya nyama na sukari ambavyo wageni wa Pézenas, mji wake wa kusini, huvila huku wakishangaa. Tangu awe mjane alikuwa akipangisha vyumba vya ghorofani katika nyumba yake kuukuu ya mawe, na wageni walikwisha kumuuliza mambo ya kila namna: kama popo wanauma, kama kengele za kanisa zinaweza kunyamazishwa. Hili la mlango lilikuwa jipya. Aliacha kukanda.

"Unafungika," alisema. "Komeo la chuma. Nililipigilia mwenyewe."

"Ahsante," mwanamke akanong'ona, na simu ikakatika.

Komeo lile Odile alilipigilia mumewe angali hai. Marcel alimpiga tangu mwaka wa harusi hadi siku trekta ilipompindukia katika shamba la mizabibu. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Alisubiri tu simu ilie tena, nayo ikalia.

Mwanamke huyo aliitwa Ghislaine Lamblin. Aliuza mkate, na alipiga akiwa amejificha stoo ya unga kwa simu ya tajiri wake, kwa sababu ya kwake mume aliipekua kila jioni. Mume, Régis, alikuwa fundi wa mapaa. Alimpeleka kazini, akamfuata kazini, na kitambulisho chake alikaa nacho yeye mfukoni. Mara mbili Ghislaine alitoroka, mara mbili akarudishwa. Ya pili Régis alimbana kwa mlango wa gari hadi mfupa wa bega ukakatika.

"Huku kila mtu anamjua, mama," alisema. "Nikipanda basi tu, keshaambiwa. Lakini divai anaipenda kuliko roho yake. Nimeanza kumwonyesha picha za mji wenu. Sasa anadhani likizo ni wazo lake."

"Una mtu popote?"

"Binamu yangu, Toulouse. Nikifika mlangoni kwake, basi."

"Haya, mwanangu," Odile akasema. "Tupange likizo."

Wakaipanga kwelikweli, kiangazi kizima, kwa vipande vya maneno kati ya mteja na mteja. Wakachagua wakati wa mavuno ya zabibu, mji unapojaa watu. Wakachagua Jumamosi, siku ya gulio. Asubuhi hiyo Régis angepelekwa kuonja divai katika ghala la Fulcran, kaka wa marehemu Marcel, nje ya mji kwenye barabara ya Caux. Akishainamia bilauri, Odile angemkimbiza Ghislaine kwa gari hadi stesheni ya Béziers.

Fulcran alipoambiwa alikuna kichwa chini ya kofia yake.

"Shemeji, unanitia kwenye ndoa ya watu."

"Ya kwangu hukuingia, Fulcran. Na ukuta wetu ulikuwa mmoja."

Mzee akasema ataandaa pipa zuri.

Mwishoni mwa Agosti Régis alipiga simu mwenyewe, sauti imejaa kicheko. "Bi mkubwa! Ni Lamblin hapa. Mke wangu ananiambia kwenu divai inatoka bombani kama maji."

"Haiko mbali na hivyo, bwana."

"Basi fungua bomba. Tunakuja tarehe kumi na mbili."

Nyuma yake sauti ndogo ikasema, "Kumi na tatu, mpenzi. Tarehe kumi na mbili una lile paa la..."

Kikasikika kishindo kikavu, kama mtu anayekung'uta zulia, kisha kitu kikaanguka na kuvunjika.

"Samahani, bi mkubwa," Régis akasema, bado anacheka. "Kaangusha sahani. Huyu na vyombo ni maadui. Haya, tarehe kumi na tatu."

Walifika Alhamisi, katika joto la kuwalaza mbwa kwenye maji ya chemchemi. Régis alikuwa mwanamume wa sura, mpana, mcheshi, amemletea mwenye nyumba kreti ya bia ya kwao. Ghislaine alikuwa mwembamba kama kijiti, amevaa mikono mirefu hadi kwenye viganja.

"Vitambulisho, tafadhali," Odile akasema. "Nakaa navyo mpaka mnaondoka."

"Loo! Tumekuja likizo au jela?"

"Mgeni mmoja aliniondokea na mashuka, bwana. Tangu hapo hata padri namshikia chake."

Régis akacheka sana, akatoa vyote viwili. Odile akavitia mfukoni mwa aproni.

Jioni mezani Régis aliusifu mchuzi, akasifu mkate, akaweka kiganja chake kwenye kisogo cha mkewe. "Wazo langu, lakini mweleze bi mkubwa ulivyoipanga safari hii. Miezi mitatu, bi mkubwa! Mpaka ramani kachora. Najiuliza, kuku huyu kapata wapi akili?" Ghislaine akacheka kwa kuwa ilitakiwa acheke. Vidole vikambana shingo taratibu, vikambana, hadi machozi yakamlenga, na Régis wakati huohuo akiomba apitishiwe chumvi.

Ijumaa mchana Odile alikuwa akimenya vitunguu saumu aliposikia dari ikitingishika. Kishindo kimoja, kimya, kishindo cha pili. Akapanda na taulo mkononi, akagonga. Régis akafungua, jasho likimtiririka.

"Tunasogeza kitanda," akasema.

Nyuma yake Ghislaine alikuwa ameketi sakafuni ameshika mbavu. Macho yao yakakutana juu ya bega la mume, na Ghislaine akatikisa kichwa kidogo tu: bado. Odile akaweka taulo kitini, akashuka. Alipofika jikoni alivitwanga vile vitunguu saumu hadi vikawa maji, na haikuwa hofu. Angekuwa na bunduki angeitumia.

Jumamosi Fulcran alikuja na gari lake la mizigo, amejipaka mafuta ya nywele. "Twende, bwana Lamblin, divai haina subira!" Wakaondoka. Ghislaine akashuka na mkoba tu. Simu ameiacha chini ya mto. Odile akamkabidhi kitambulisho, naye akakitia ndani ya sidiria.

Gari la Odile lilikuwa uani. Wakafungua lango la mbao, na kumbe nje muuza zeituni amepanga meza yake palepale mlangoni.

"Baptistin! Ondoa!"

"Mama Cabrol, ndiyo kwanza namaliza kupanga..."

"Ondoa, au nazipita juu zeituni zako na wewe mwenyewe!"

Baptistin alianza kubeba mabeseni, kwa kunung'unika, moja moja. Hapo ndipo watu wa gulio walipopiga kelele kule juu ya uchochoro. Gari la Fulcran lilikuwa linakuja mbio katikati ya meza, makreti ya nyanya yakiruka huku na huku, na aliyeshika usukani hakuwa Fulcran.

Régis aliruka chini kabla gari halijasimama sawasawa. Kifua cha shati lake kilikuwa chekundu, na Odile alijua mara moja kwamba si divai. Jamaa alikuwa amempigia mkewe simu baada ya bilauri ya kwanza, simu haikupokelewa, na yaliyobaki aliyapata kwenye uso wa mzee asiyejua kusema uongo. Akamsukumia Baptistin katika mabeseni yake, akaingia uani, akalifunga lango na kulitia gogo lake.

"Umemfanya nini Fulcran?" Odile akauliza.

Ngumi ilimpata mdomoni. Alisikia jino likivunjika kabla hajasikia maumivu, akaanguka kwa mkono, na kifundo cha mkono nacho kikalia kama kijiti kikavu. Alipoinua kichwa Régis alikuwa amezikusanya nywele za Ghislaine kama mtu anayeng'oa magugu.

"Miezi mitatu!" alikuwa akisema, bila kupaza sauti. "Miezi mitatu unachora ramani, unanichekea, unanilisha. Panda juu. Panda nikakuonyeshe likizo."

Akamburuta hadi kwenye ngazi ya mawe inayozunguka kwenda ghorofani, akamsukuma mbele yake kwa nywele. Viatu vya Ghislaine vikabaki chini, kimoja hapa, kimoja pale. Nje watu waligonga lango kwa mabega na kwa magongo, lakini lango lile lilijengwa enzi za kuzuia majeshi.

Ukutani kulikuwa na mkasi wa kupogolea mizabibu. Odile akauchukua kwa mkono uliobaki mzima, akapanda kwa magoti, damu ikimjaa kinywani, akamfikia Régis kwenye kona ya ngazi na kumchoma nyuma ya goti kwa nguvu zake zote. Mkasi ukazama. Régis akatoa mlio ambao Odile hakuwahi kuusikia kwa mwanamume, akageuka, akampiga teke la kifua. Odile akabingirika vidato kadhaa, akakwama kwenye ukuta.

Lakini ili apige teke, Régis alikuwa ameziachia nywele, na amesimama kwa mguu uliotobolewa. Ghislaine, aliyekuwa juu yake, akalala chali, akakunja magoti hadi kidevuni, akamsukuma kwa nyayo zote mbili.

Alianguka kinyumenyume, akampita Odile kama gunia, kichwa kikigonga jiwe, tena jiwe, tena jiwe, hadi chini uani. Mguu mmoja ulikuwa umeelekea upande usio wake. Alikuwa anapumua.

Ghislaine akashuka taratibu, pekupeku, akishika ukuta. Odile alidhani anakwenda kufungua lango. Ghislaine akaiendea stuli ya chuma ya kukamulia mbuzi iliyokaa pale kwa ajili ya maua, akaiondolea chungu cha maua kwa uangalifu na kukiweka pembeni, akamshushia mumewe stuli ile mbavuni. Akaiinua tena. Mbavuni. Begani, palepale alipovunjwa yeye. Hakupiga kelele, hakulia. Alipiga kama mtu anayefanya kazi aliyoichelewesha.

"Ghislaine," Odile akaita. "Mwanangu."

Stuli ikapanda, safari hii juu ya uso. Odile akajitupa kutoka kidato cha mwisho, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye damu.

"Niache! Niache nimalize!"

"Ukimmaliza utakwenda kukaa ndani kwa ajili yake. Amekula miaka yako mingapi? Unamwongezea?"

"Niache, mama!" Akampiga Odile kiwiko kwenye mdomo uleule uliopasuka. Odile hakumwachia. Alimshika hivyo, mkono uliovunjika ukiwa chini ya uzito wa wote wawili, mpaka Ghislaine alipoanza kutapika.

Ndipo Odile akaenda kuondoa gogo, kwa bega, maana mikono ilikwisha.

Fulcran walimkuta ghalani kati ya mapipa, amevunjwa taya kwa nyundo ya mbao ya kuzibia mapipa, sikio moja limechanika, amelala katika divai iliyomwagika hata waliomwona kwanza wakadhani yote ile ni damu yake. Alipona, ila kwa majuma mengi taya lilifungwa kwa waya, na mtu aliyekuwa haishiwi hadithi akawa anakunywa supu kwa mrija na kunguruma. Régis naye alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Alihukumiwa Béziers, akaingia mahakamani kwa magongo, akamwambia hakimu kwamba wanawake wawili walimtegea mtego. Hakimu akasema hilo amelielewa, akampa miaka yake.

Zabibu za Fulcran zilikuwa bado shambani, na zabibu haziahirishi kuiva kwa sababu ya taya la mtu. Majirani wakaja kuzikata. Baptistin akaja, uso una mikwaruzo ya mabeseni. Na Ghislaine, aliyengojewa Toulouse, akampigia binamu yake akasema atachelewa kidogo, akaingia katika mistari ya mizabibu na ndoo yake.

Siku moja kijana mmoja wa mavuno, kwa mchezo, alimrushia zabibu zilizooza mgongoni. Ghislaine aligeuka na mkasi umeinuliwa hadi usawa wa jicho. Kijana akaangusha ndoo. Ghislaine akautazama mkono wake mwenyewe, akauweka mkasi chini, akaenda kukaa mwisho wa mstari ambako Odile, mkono umefungwa plasta, alikuwa akigawa mkate na soseji.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

"Siku ile pale uani. Kila mtu ananiambia maskini, alichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa, mama. Nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe."

Odile akakata kipande cha soseji, akamwekea juu ya mkate.

"Trekta ilipompindukia Marcel," akasema, "nilikuwa shambani, mbali kama pale penye mti ule. Nilimsikia akiita. Nilitembea. Ningeweza kukimbia, nilitembea. Mazishini nililia sana, watu wakasema jamani alimpenda."

Ghislaine akautazama mti ule.

"Sasa mtu anafanyaje na kitu kama hicho?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilijifunza kuoka." Akamsukumia mkate. "Kula. Yule kijana nenda ukamwombe radhi, kisha umwambie akirudia utamkata vidole kweli. Yote mawili. Na uyaseme kwa utaratibu huohuo."

Ghislaine akala. Kisha akajifuta mikono kwenye sketi, akasimama, akaenda kwa yule kijana, ambaye alipomwona anakuja alirudi nyuma hatua moja.