Gharama za Kupiga Magoti

Nilishinda kesi, halafu nikaambiwa nilipe. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani nimechanganya maneno. Sijachanganya kitu. Jaji alisoma hukumu kwa sauti yake kavu: chumba cha kushonea ni mali ya mjane, shemeji yake hana haki nacho. Mjane ndiye mimi. Nikainua mikono kumshukuru Mungu, na kabla sijaishusha jaji akafunua ukurasa mwingine. Kwa kuwa mdai alidharau kikao cha usuluhishi na hakuhudhuria, gharama zote za kesi, zake na za mdaiwa, atazilipa yeye.

Ala! Nikasimama. Nikaambiwa nikae chini.

Hebu sikiliza ilivyokuwa. Mimi ni fundi wa majoho. Chumba changu kinatazamana na lango la mahakama, na pale hakuna wakili ambaye sijampima mabega. Siku ya usuluhishi wakili wangu alikuwa na kesi mahakama nyingine, nikafika mapema peke yangu, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, sindano zimechomekwa kwenye kola kama kawaida yangu. Mara akaja wakili wa shemeji, yule tunayemwita Marashi kwa sababu harufu yake huingia kabla yake. Pindo la joho lake lilikuwa limefumuka, linaburuta sakafuni.

"Fundi, niokoe," akasema.

Na mimi na ujinga wangu! Awe adui, awe rafiki, nikiona pindo linaning'inia mikono inaniwasha. Nikapiga magoti, nikaanza kushona. Mlango ukafunguliwa, karani akatoa kichwa, akatazama kulia na kushoto, akarudi ndani. Nilipokata uzi Marashi akashukuru, akaingia. Mimi nikarudi kwenye benchi kusubiri kuitwa. Nani aniite? Walipotoka, kikao kimekwisha, na kwenye jalada imeandikwa kwamba sikufika.

Wakili wangu ni binti wa mdogo wangu, mtoto niliyemshonea sare za shule kwa mkono huu huu. Jioni ya hukumu alikuja chumbani, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, uso umemshuka.

"Tukate rufaa," nikamwambia.

"Mama mkubwa, ukipinga gharama peke yake hukati rufaa hivi hivi. Lazima kwanza uombe ruhusa."

"Nimwombe nani?"

"Jaji yule yule."

Nilicheka mpaka nikaachia pedali ya cherehani. "Yaani aliyenikanyaga ndiye nimwombe ruhusa ya kusema ameniumiza?"

"Ndiyo sheria. Na tukikataliwa, gharama za maombi haya nazo zitaongezwa juu. Tunaweza kuomba tena huko juu, lakini dalali wa mahakama hatatusubiri. Atakipiga mnada chumba hiki, na unajua nani atasimama mbele kununua."

Nilijua. Shemeji alikuwa ameshapita mara mbili, anatazama dirisha langu utafikiri anatafuta pa kuweka pazia lake. Chumba ambacho mahakama ilimnyima, sasa angekipata kwa mlango wa nyuma, tena kwa deni la kesi niliyoshinda mwenyewe. Thubutu! Marehemu mume wangu alikijenga tofali kwa tofali huku mimi nikimchanganyia saruji.

"Andika hayo maombi," nikasema.

Siku ya kusikilizwa, Marashi alinisogelea ukumbini na tabasamu lake la kuuzia. Akasema mteja wake ana huruma, ni ndugu, atasamehe nusu ya gharama ikiwa nitaondoa maombi na kutia sahihi kwamba kweli sikufika.

"Wewe ulikuwa umesimama juu ya kichwa changu," nikamwambia. "Nilikuwa naona soksi zako. Leo unataka nitie sahihi kwamba sikuwepo?"

"Fundi, usiwe mbishi."

"Nimezaliwa mbishi. Kamwambie mteja wako sitoi hata senti."

Tukaingia. Binti yangu alizungumza vizuri, taratibu, akieleza kwamba anayeshinda kesi hawezi kubebeshwa gharama za aliyeshindwa bila sababu nzito. Jaji akamkatiza. Sababu ipo, akasema, mteja wako hakuja. Una ushahidi gani kwamba alikuja?

Nikashindwa kuvumilia. "Mheshimiwa, muulize karani wako!"

"Kaa chini, mama."

"Nitakaa, lakini muulize."

Binti yangu alinivuta gauni. Jaji akanikazia macho, nami nikamkazia. Mwishowe akamgeukia karani, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kutaka kujua.

"Siku ile ulimwona mdai nje?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilifungua mlango, nikatazama pande zote. Hakukuwa na mtu."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wakili tu," akamwonyesha Marashi, "na fundi, alikuwa anamshonea joho."

Karani mwenyewe alikuwa bado hajajua amesema nini. Hakuwa na ubaya wowote, maskini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Miaka yote hiyo ananiamkia kila asubuhi, lakini nikipiga magoti na sindano mkononi sihesabiwi kuwa mtu.

"Fundi gani?" jaji akauliza.

Karani akanitazama. Kidole chake kikainuka pole pole, kikanionyesha.

Jaji akamgeukia Marashi. "Ulijua kwamba huyo ni mdai?"

"Sikuulizwa, Mheshimiwa."

Jaji aliandika kwa muda. Hakuomba radhi, wala sikuitegemea. Akasema ruhusa ya kukata rufaa imetolewa, na hakuna atakayegusa chumba hicho mpaka mahakama ya juu isikilize.

"Kama nilikosea, wa juu watasema," akamalizia.

"Watasema," nikajibu, na safari hii hakuna aliyeniambia nikae.

Binti yangu alinikumbatia pale mlangoni, analia na kucheka. Nyuma yetu kitu kikachanika, praa! Marashi, kwa haraka zake za kutoka, alikuwa amenasa joho kwenye bawaba, na pindo lote, lile lile nililolishona, likamwagika sakafuni.

"Fundi!" akaita. "Fundi, tafadhali, naitwa chumba cha pili sasa hivi!"

Mkono wangu ulipanda kwenye kola wenyewe, kutafuta sindano. Nikaushusha.

"Fundi hakuja leo," nikamwambia. "Aliyekuja ni mdai."