Mama Kamba na Mota ya Mlimani

Walimwita Mama Kamba kwa sababu ya kamba za nguo. Ua wake wote ulikuwa kamba: zilitoka ukutani zikaenda kwenye nguzo, zikarudi dirishani, na siku za kazi mgeni alipiga hodi akiwa katikati ya mashuka bila kujua mlango uko upande gani. Kazi yake ilikuwa kufua. Asubuhi aliteremka bondeni kwa baiskeli na mashuka safi ya nyumba ya wageni na ya zahanati, akarudi na machafu. Huko juu alikuwa na kisima na upepo. Bondeni kulikuwa na vumbi la barabara na moshi wa tanuri za matofali. Ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unaanua la kahawia. Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba mwanamke huyu aling'ang'ania mlima kwa ukaidi tu. Mkaidi alikuwa, tena sana, lakini riziki yake ilikuwa huko juu.

Tatizo lilikuwa nyonga. Aliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, ikavunjika, ikaungwa kwa vyuma. Daktari akamwambia kutembea atembee, baiskeli aendeshe taratibu, ila kusukuma baiskeli yenye mzigo mlimani ni marufuku. Na mlima ule kila mtu alisukuma, hasa kwenye kona waliyoiita kona ya toba, maana hapo hata vijana wenye mapaja ya chuma walishuka wakakumbuka dhambi zao.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa dalali wa nyumba, na nyonga ya mwenzake aliiona kama mlango uliofunguka. Nyumba ya kilimani aliijenga marehemu, lakini kiwanja kilikuwa cha mama yao, na kauli ya mwisho ilikuwa ya mama. Dalali alishampata mnunuzi. Akamwita Mama Kamba sebuleni kwake, akamkaribisha vizuri, soda ikaletwa.

"Shemeji, umehangaika vya kutosha," alisema. "Pumzika. Nitakupa chumba cha nyuma, utakaa hapa na mama."

Chumba cha nyuma Mama Kamba alikijua. Mama mkwe aliishi humo tangu miguu yake ilipochoka: dirisha moja lililotazama ukuta, na nyuma ya ukuta jenereta ya jirani ikinguruma kutwa. Aliposikia neno "pumzika" alihisi kama anapimiwa sanda.

"Nitafunga mota kwenye baiskeli," alisema.

Dalali alicheka mpaka akaweka chupa chini. "Mota! Shemeji, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi nimeshavunjika nyonga. Hilo guu lako limechelewa."

Mama mkwe alikuwa pembeni, ameinamia fimbo yake, na wote walidhani amesinzia. "Basi," alisema bila kuinua kichwa. "Jumamosi ya wiki ijayo apande na mzigo wake mpaka mlangoni. Akifika bila kusukuma, nisisikie tena habari ya kuuza. Akisukuma, uza."

Kesho yake Mama Kamba alikuwa kwa fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi aliyeitwa Spoku kwa kuwa mwembamba kama waya wa gurudumu. Spoku alimwonyesha seti mbili. Ya kwanza ilikuwa gurudumu zima la nyuma, jipya, linang'aa, mota imefichwa ndani katikati yake. Ya pili ilikuwa mota ndogo nyeusi, ya kufungwa chini, pale pedali zinapozungukia, ikivuta mnyororo uleule unaovutwa na miguu.

"Unapenda ipi, mama?" Spoku aliuliza.

Akajaribu ya kwanza barabarani mbele ya karakana. Tuseme ukweli, alichagua kwa kichwa kilicholewa. Barabara ile ilikuwa tambarare, baiskeli tupu, mota kimya kama paka, na mbele yake kulikuwa na kijana wa pikipiki aliyekuwa akijivuta. Mama Kamba akampita. Mwanamke wa makamo, mwenye vyuma kiunoni, akampita kijana wa pikipiki! Aliporudi hakutaka hata kuitazama ile nyeusi. Spoku akamfungia gurudumu, wakakubaliana kwamba atalijaribu kwanza, na bei wataizungumza baadaye.

Siku ya pili akapakia mashuka ya zahanati, akaushika mlima. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kabla ya kona ya toba mota ikaanza kulalamika, mwendo ukapungua. Ndani ya kona lori lilikuwa likishuka, akalazimika kusimama kulipisha. Lori lilipopita akajaribu kuondoka. Gurudumu lilitetemeka bila kusogea, na ikamfikia harufu anayoijua kuliko mtu yeyote, ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Mota ikazima.

Hakusukuma. Aliketi juu ya furushi la mashuka kando ya barabara akisubiri mtu wa kumsaidia, na aliyetokea wa kwanza ni Dalali, ndani ya gari, pamoja na mnunuzi wake, wanakwenda kuiangalia nyumba.

Dalali akateremsha kioo. "Mchagua jembe si mkulima, shemeji."

"Mkulima wa tifutifu. Anayelima mwamba huchagua."

Jibu lilikuwa zuri, lakini gari lilipoondoka machozi yalimtoka. Alikasirika kwa sababu aliona aibu, na aliona aibu kwa sababu ya yule kijana wa pikipiki. Alikuwa amechagua mota ya kumfurahisha, na nyumba yake ikakaribia kwenda kwa mwendo huohuo.

Lakini kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Alirudi kwa Spoku kwenye keria ya baiskeli ya mtu, na gurudumu mapajani.

"Mama, nilikubali uijaribu," Spoku alisema akilinusa. "Sikukubali uikaange."

"Na mimi uliniuliza ninapenda ipi. Hukuniuliza ninafanya kazi gani. Niulize sasa."

Spoku akajikuna. "Haya. Unafanya kazi gani?"

Akamweleza. Mzigo mzito unapanda, siyo kushuka. Barabara nyembamba, na kwenye kona ile ukikutana na lori lazima usimame hapo hapo, penye mwinuko mkali kuliko pote, kisha uondoke upya.

Spoku aliichukua ile mota nyeusi, akaigeuzageuza. "Ile ya gurudumu inataka mbio," alisema. "Ikikosa mbio inajichoma. Hii nyeusi haina mbio za kukufurahisha, lakini inatumia gia zako. Ukiweka gia nyepesi, inapanda ukuta. Ila ina kelele, itakula mnyororo, na ukibadilisha gia huku umekanyaga kwa nguvu itaukata. Uweke nyepesi kabla ya mlima. Ukishakwama, umechelewa."

"Ifunge."

Akamwachia Spoku cherehani aliyoshonea mashuka yaliyochanika, kufidia gurudumu lililoungua na mota mpya. Haikumuuma. Cherehani angeipata nyingine.

Jumamosi ilipofika, Dalali alikuwa kwenye geti la nyumba ya wageni kabla ya watu wote, amevaa viatu vya kung'aa. Alisema atafuata kwa miguu, asije akasimuliwa. Mashuka yalikuwa tayari yamefungwa. Ndipo akatokea mama mkwe, fimbo mkono mmoja, kifurushi mkono wa pili, akapiga keria kwa fimbo.

"Yashusheni hayo. Mzigo wa leo ni mimi."

"Mama!" Dalali alishtuka. "Makubaliano yalikuwa mashuka!"

"Nilisema mzigo wake. Mume wake nimemzaa mimi. Kati yangu na mashuka ya wageni, nani mzigo wake?"

Wakakunja mashuka mawili yakawa mto, yule bibi akaketi, akamkumbatia mkwewe kiunoni upande wa nyonga nzima. Mama Kamba akaweka gia nyepesi kabisa tangu chini, ingawa watu walicheka kuona miguu inazunguka haraka na baiskeli inatambaa. Mota ililia kama mashine ya kusaga. Acha ilie. Nyuma yao, katikati ya watu waliofuata, Dalali alitembea, kisha akatembea haraka, kisha akavua koti.

Wakaingia kona ya toba.

"Simama!" bibi alipiga kelele. "Kandambili yangu!"

"Mama, hapa?"

"Simama nimesema!"

Akafunga breki, akaweka chini mguu mzima. Kandambili ilikuwa inateleza mteremkoni, na Dalali aliyekuwa anahema aliikanyaga ili isimpite.

"Amesimama!" alipaza sauti. "Mmeona wote, ameshindwa!"

"Nimemsimamisha mimi. Lete kandambili." Na yule mwanamume, jasho likimchuruzika, akapiga goti kwenye vumbi akamvisha mama yake.

Mama Kamba hakugeuka kuwatazama. Aliinua pedali kwa mguu wa pili, akabana breki, akavuta pumzi. Nyumba, kisima na kamba vyote vilikuwa kwenye pedali ile. Akaachia breki, akakanyaga. Mnyororo ukakakamaa, ukalia krrr, na kwa kitambo alichokiona kirefu hakuna kilichosogea. Kisha gurudumu likazunguka, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetafuta miwani. Lakini lilizunguka, na likaendelea kuzunguka, mpaka kona ikabaki nyuma.

Mlangoni bibi aliteremka, akasimama katikati ya kamba. Hakuwa amefika pale tangu siku walipomzika mwanawe. Alishika shuka lililokauka, akalipeleka puani.

"Mama," Mama Kamba aliuliza, "ile kandambili ilianguka yenyewe?"

"Kupanda kwa kasi, hata jiwe ukilirusha linapanda. Nilitaka kukuona ukiondoka upya baada ya kusimama."

Dalali alifika baadaye sana, koti begani, viatu havijulikani tena rangi. Aliomba maji, akanywa kikombe kizima. "Sawa," alisema. "Amepanda. Mnunuzi nitamwambia. Sasa mama, kaa hapo, nikalete gari ushuke."

"Nishuke niende wapi?"

Bibi alifungua kifurushi chake juu ya kizingiti. Ndani yake mlikuwa na nguo ya kulalia, kitana, dawa za miguu na picha ya mwanawe.

"Chumba cha nyuma kiko wazi," alisema. "Kitafutie mteja."

Dalali alimtazama mama yake, akamtazama shemeji yake, akautazama mlima alioupanda. "Na mimi nikitaka kukuona?"

"Utapanda."